Bonasi kwa Jina la Kuazima

Ukurasa huu aghalabu hushughulika na mapishi, malezi na utunzaji wa akiba ya nyumba. Leo naomba wasomaji waniruhusu nizungumze juu ya kamari, tena si juu ya yule anayepoteza, ambaye habari zake tumekwisha kuzisoma mara nyingi, bali juu ya yule anayepata. Yupo mtu wa namna hiyo siku hizi katika miji yetu ya Jinja na Mbale. Ni kijana mwerevu, halewi, hakopi, wala hajali ni timu ipi imeshinda. Ukimkuta ndani ya duka la kubashiri matokeo ya mpira, wenzake wote wakipiga kelele mbele ya televisheni, yeye anaandika katika daftari. Kazi yake ni kuvuna bonasi.

Kampuni za kubashiri humpa kila mteja mpya zawadi ya kumkaribisha, na mteja wa siku zote humpa alama zinazogeuka kuwa dau la bure. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: mtu anayezisoma kanuni za zawadi hizo kwa makini, akazitumia ili apate fedha bila ya kubahatisha, je, ni mwizi, ni mjanja, au ni mteja tu kama wateja wengine? Katika nyumba za askari swali hili si la mchezo, kwa sababu nitakazozieleza.

Nianze na zawadi yenyewe, kwa kuwa watu wengi huidhania kuwa ni ukarimu. Katika kasino za Marekani mteja hupewa kadi yenye jina lake. Kila anapokaa mbele ya mashine huichomeka, na mashine huhesabu si fedha alizopoteza siku ile tu, bali fedha zote alizozizungusha. Kampuni ya Harrah's iliupeleka mpango huo mbali kuanzia mwaka 1997, ilipoziunganisha hesabu za wateja wa kasino zake mahali pamoja. Tuseme mtu anaweka shilingi 1,000 kila anapobonyeza, naye anabonyeza mara 500 kwa saa moja. Amezungusha shilingi 500,000. Ikiwa mashine imepangwa kubakiza 8 katika kila 100, mwenye kasino anatazamia kupata shilingi 40,000 kutoka kwake katika saa hiyo. Akimrudishia 8,000 kwa njia ya chakula, kitanda au dau la bure, mteja husema amekirimiwa, kumbe amerudishiwa moja ya tano ya kile alichochunwa.

Mimi ni mzaliwa wa Bugisu, na neno bonasi nililisikia kwanza kwa marehemu baba yangu. Alikuwa akipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, nacho chama kikaipeleka kwa Umoja wa Vyama vya Ushirika wa Bugisu mjini Mbale, ulioundwa mwaka 1954. Alilipwa malipo ya kwanza kahawa ilipopimwa. Kisha, ikiisha kuuzwa, na ikiwa mwaka ulikuwa mwema, alipata bonasi kwa kadiri ya kilo alizoleta. Mama alizijua siku hizo kabla hata ya kuambiwa, maana baba alikuwa akirudi na nyama na mafuta ya taa kwa pamoja. Desturi hiyo ya kumrudishia mtu kwa kadiri ya ushiriki wake ni ya zamani. Wafumaji na mafundi wa Rochdale huko Uingereza waliitumia katika duka lao la ushirika walilolifungua mwaka 1844. Lakini mkulima hurudishiwa faida ya kile alicholeta. Mcheza kamari hurudishiwa kipande cha kile alichopoteza, ili apate nguvu ya kurudi kupoteza tena. Nashangaa kwamba mambo mawili yaliyo mbali hivyo yameweza kuitwa kwa jina moja.

Kwetu sisi watu wengi hawachezi kwa kadi ya plastiki. Namba ya simu ndiyo kadi. Mtu hujiandikisha kwa laini yake, huweka fedha kwa laini hiyo hiyo, hushinda au hushindwa humo humo, na zawadi humfuata humo. Jambo hili msomaji alishike, kwani ndilo lililoleta mjadala nyumbani kwangu.

Mwana wa kaka yangu anaishi Walukuba, Jinja. Ana umri wa miaka 28, amesomea uhasibu, na siku za kazi huandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Miezi michache iliyopita alikuja Mbale kwa barabara ya Tirinyi, amebeba mkate na sukari kama kijana aliyelelewa vyema, akatusalimu, akanywa chai, kisha akatoa daftari.

"Shangazi," akasema, "naomba usinihukumu kabla hujaiona hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja inasema: weka shilingi 50,000, uzichezee mara moja, nasi tutakupa dau la bure la shilingi 50,000. Kijana huchagua mechi ya ligi ya Uingereza na kutazama jambo moja tu, kama mabao yatafika matatu au hayatafika. Kampuni ya kwanza hulipa shilingi 200 kwa kila 100 mabao yakifika matatu. Kampuni ya pili hulipa shilingi 180 kwa kila 100 yasipofika. Basi anaweka 50,000 kwa ile ya kwanza na 55,600 kwa ile ya pili. Vyovyote mpira utakavyokwenda, atarudishiwa takriban 100,000, na kwa hiyo amepoteza kama 5,600. Hicho anakiita kiingilio.

Kisha hulitumia dau la bure kwa njia hiyo hiyo. Dau la bure likishinda, kampuni hutoa ile faida peke yake, yaani 50,000, wala hairudishi dau. Kwa sababu hiyo, upande wa pili anaweka 27,800 tu kutoka mfukoni. Mabao yakifika matatu, anapata 50,000 na kupoteza zile 27,800. Yasipofika, faida yake kwa kampuni ya pili ni 22,240. Kwa vyovyote amepata kama 22,200. Ukiondoa kiingilio, zimebaki 16,600, tuache kodi kando.

Niliipitia hesabu hiyo mara mbili nikaona haina dosari. Ningependa kusema kwamba nilimkemea papo hapo, lakini kwa kweli kwanza nilifurahi, kwa kuwa karo yake ya chuo tulisaidiana kuilipa, na hapa naona haikupotea bure.

Shida yake ilikuwa moja. Zawadi ya kukaribishwa hutolewa mara moja tu kwa mtu mmoja. Elfu kumi na sita na kitu haimtoshi hata nauli ya kwenda Kampala na kurudi akiwa na mizigo. Lakini majina 12 yangempa karibu laki mbili kwa kampuni moja, na kampuni zipo nyingi. Alihitaji majina. Ndipo nilipofahamu kwa nini amenijia mimi na si shangazi mwingine.

Mimi ni mwekahazina wa kikundi cha akiba cha akina mama, wengi wao wake na wajane wa polisi na wa wanajeshi wa kambi ya Bugema. Katika sanduku la kikundi, pamoja na leja na muhuri, zilikuwamo nakala za vitambulisho vya taifa vya wanachama wote 23, tulizozikusanya wakati wa kufungua akaunti. Kijana aliomba nakala 12. Akaomba pia niwashauri akina mama hao wapite kwa wakala, waweke kidole, wasajiliwe laini mpya, naye angezichukua hizo laini Jinja.

"Na tutawaambia ni laini za nini?" nikamuuliza.

"Waambie ni za kikundi, Shangazi. Maelezo marefu yatawachosha bure."

Nilipokaa kimya, alijitetea kwa maneno ambayo naamini wasomaji wengi wangeyakubali. Alisema kwamba kampuni hizi zimekula mishahara ya askari tangu siku ya kwanza ya mwezi. Kwamba zina wanasheria na wataalamu wa hesabu. Kwamba kanuni wameziandika wao, si yeye. Na kwamba akichukua kidogo kwa aliyechukua kingi, hakuna machozi ya mtu yeyote yanayomwagika. Mume wangu, aliyestaafu akiwa sajini wa polisi, alikuwa pembeni akisikiliza redio. Akaipunguza sauti akauliza swali lake la miaka yote ya kukaa kaunta: "Mlalamikaji ni nani?"

Tulilijadili swali hilo hadi usiku, na nimeendelea kulifikiri. Naona lina majibu zaidi ya moja, kwa kuwa matendo yaliyochanganywa katika daftari lile yalikuwa zaidi ya moja.

Kuhusu kuisoma kanuni na kuitumia, sioni mlalamikaji. Mfanyabiashara akiandika mlangoni kwamba anayenunua sabuni mbili atapewa ya tatu, nami nikanunua mbili, nikachukua ya tatu, nisirudi tena dukani kwake, sikumdhulumu, ingawa alitumaini nitarudi. Tumaini lake si deni langu. Wako watu waliofanya hivyo kwa viwango ambavyo sisi hatuviwezi hata kwa ndoto. Mmarekani mmoja aitwaye Don Johnson alijulikana sana mwaka 2011 kwa kuwa alijipatia takriban dola milioni 15 kutoka kasino tatu za Atlantic City. Biashara ilikuwa imedorora, kasino zikawa zinawabembeleza wacheza wakubwa kwa kuwaahidi kwamba wakishindwa watasamehewa sehemu ya hasara. Johnson alikaa nao mezani kabla ya kucheza, akadai asamehewe sehemu moja ya tano, akadai na marekebisho madogo madogo ya kanuni za mchezo wa karata, wakakubali moja baada ya jingine bila ya kuyajumlisha. Yeye aliyajumlisha. Walipofahamu, walikuwa wamekwisha kupoteza. Hakugusa karata isivyo halali, hakujiita kwa jina la mtu mwingine, na kila alichopewa alipewa na watu wazima waliokuwa na mamlaka ya kukitoa. Kama kulikuwa na mtu wa kulaumiwa, ni wakubwa wa kasino walioweka sahihi kabla ya kupiga hesabu.

Kisa cha pili ni cha London, na ndicho kilichonifungua macho. Mwaka 2012 mcheza karata mashuhuri, Phil Ivey, akiwa na mwenzake Cheung Yin Sun, alicheza katika kasino ya Crockfords akashinda pauni milioni 7.7. Mchoro ulio mgongoni mwa karata zile haukuwa sawa kabisa pande zote mbili. Ukingo mmoja ulitofautiana na wa pili kwa kiasi kidogo mno. Yule mwenzake akamwomba mwanamke aliyekuwa akigawa karata azigeuze baadhi yake kwa namna fulani, akisingizia kwamba ni imani yao ya bahati. Mgawaji, kwa kutaka kumpendeza mteja mkubwa, akazigeuza. Tangu hapo karata nzuri zikawa zinajulikana kwa kutazamwa mgongo. Kasino ilikataa kulipa, ikamrudishia dau lake tu, Ivey akaishitaki. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Rufaa ya Uingereza iliyo ya mwisho, nayo mwezi Oktoba 2017 majaji watano kwa kauli moja waliamua kwamba Ivey alidanganya katika mchezo. Mwenyewe aliamini kwa moyo mmoja kwamba hakudanganya, na ukweli wa imani yake hiyo haukukataliwa. Alisema hakugusa karata hata moja. Ni kweli hakugusa. Alitumia mikono ya mtu asiyejua anachokifanya.

Hukumu ya London haiwafungi majaji wa Uganda, ingawa mawakili wetu huzisoma hukumu za huko. Nami sikuitaka kwa ajili ya sheria. Niliitaka kwa sababu ya yule mwanamke mgawaji. Nilipoisoma nilimwona mjane mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima asiyejua kusoma, akiweka kidole kwenye kifaa cha wakala karibu na mnara wa saa, akiamini anasaidia kikundi. Kijana wangu naye asingegusa kitu. Kidole kingekuwa cha mama huyo.

Basi hapo ndipo mlalamikaji anapopatikana, na si kampuni. Wasomaji wanakumbuka kwamba usajili wa laini za simu ulianza nchini mwaka 2012. Wanakumbuka pia mwaka 2017, mwaka ambao Andrew Felix Kaweesi, Msaidizi wa Inspekta Jenerali wa Polisi, aliuawa kwa risasi mwezi Machi, na laini zote zikaamriwa kuhakikishwa upya kwa kitambulisho cha taifa. Katika nyumba za polisi hatukuhitaji kuelezwa sababu. Serikali ilitaka kila namba iwe na mtu wake. Mume wangu aliniambia usiku ule kwamba uchunguzi wa simu, kabla ya jambo lingine lolote, huanza na jina lililoandikishwa. Laini ikitumika kumtisha mtu ili atoe fedha, au kumlaghai mzee kwa ujumbe wa uongo, wapelelezi hawaendi Walukuba. Wanakwenda kubisha mlango wa mama aliyeweka kidole. Kijana wangu asingefanya maovu hayo, namjua. Lakini laini 12 zilizokwisha kutumika hufanyiwa nini? Nilimuuliza. Alisema yuko rafiki yake anayezinunua.

Hapo mume wangu alizima redio kabisa.

Kwa mke wa raia wa kawaida, kubishiwa mlango ni fedheha ya wiki moja mtaani. Kwa mke wa askari ni zaidi ya hapo, kwa kuwa jina lake limefungamana na jina la mumewe, na jina la mumewe limo katika faili la kikosi. Koplo anayesubiri cheo hawezi kumweleza mkuu wake kwamba laini ya nyumbani kwake iliyokutwa katika uhalifu ilikuwa ya kuvunia bonasi. Hata akisadikiwa, maelezo yenyewe ni aibu.

Liko na jambo la umri. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki katika michezo hii. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ina maana kwamba kuruta wa miaka 20 anaweza kukabidhiwa bunduki lakini haruhusiwi kuitabiria timu yake mabao. Sasa sicheki. Bunduki hukabidhiwa pamoja na sajini wa kumsimamia. Simu haina sajini. Na mlango anaopitia kijana wa umri huo, tukisema ukweli, ni laini ya mama yake au ya shangazi yake. Kila tunapoazimana majina kwa jambo dogo, tunaufungua mlango ule ule.

Siku ya Jumamosi nililipeleka jambo zima mbele ya kikundi, kwa idhini ya kijana mwenyewe, bila ya kuficha hesabu wala faida. Nilitazamia wote wakasirike. Haikuwa hivyo. Mjane mmoja wa koplo, mwenye watoto watatu shuleni, alisimama akasema kwamba yeye yuko tayari kwa shilingi 5,000, na kwamba jina lake halijawahi kumletea hata hizo. Wachache walicheka, lakini yeye hakuwa akichekesha. "Ninyi mnalinda majina," akasema, "mimi nalinda karo."

Nakiri kwamba neno hilo lilinisumbua kuliko hoja zote za kijana. Mtu akijua na akaridhia, je, bado kuna dhuluma? Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba ridhaa yake ingeondoa ule udanganyifu aliotaka kufanyiwa yeye, lakini isingeuondoa ule mwingine, kwamba kampuni inaambiwa ni yeye anayecheza hali si yeye. Tena anaridhia jambo ambalo mwisho wake haujui: anauza kwa 5,000 kitu ambacho mnunuzi atakiuza tena kwa mtu ambaye sisi sote hatumjui. Mbuzi ukimuuza umemuuza. Jina ukiliuza bado unaitwa kwalo. Mjane alinisikiliza, akasema, "Sawa, mama mwekahazina, lakini karo ni Jumatatu." Tulimpa mkopo wa kikundi wa shilingi 150,000 kabla ya kufunga kikao, jambo ambalo pengine tungalilifanya mapema kama tungalimuuliza.

Mwanachama mwingine akauliza swali la akili zaidi: kwa nini kila mtu asifungue kwa jina lake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, apate zile 16,600 kihalali? Nilisema sioni dhambi ndani yake kwa aliyetimiza umri, na kama wanataka nitawafundisha hesabu. Lakini nikawaeleza kwamba inahitajika zaidi ya laki moja mkononi kwa siku kadhaa, na ukikosea upande mmoja tu, au mechi ikiahirishwa, fedha ya chakula cha mwezi imekwama. Halafu ziko jumbe. Kijana alikiri kwamba tangu ajiandikishe, simu yake hupokea ujumbe wa kampuni karibu kila jioni: dau la bure, alama maradufu, mwisho ni leo. Yeye huufuta. Kadi ya kasino na ujumbe huo wa jioni ni kitu kimoja. Vyote viwili vilitengenezwa na watu wanaojua kwamba katika kila wateja kumi waliofuata zawadi, wako watakaobaki baada ya zawadi kwisha. Mvunaji hutegemea kwamba yeye si miongoni mwao.

Na hapo ndipo alipotusimulia, bila ya kubanwa, habari za konstebo kijana aliyepanga chumba jirani naye huko Walukuba. Konstebo huyo alimwona mara kadhaa akitoa fedha kwa wakala, akamuuliza siri. Akaelezwa. Lakini alichokishika ni nusu ya maelezo, ile ya kuweka dau kubwa kwa mabao matatu. Nusu ya pili, ya kujikinga kwa kampuni nyingine, aliiona ni uoga. Mshahara wake wa mwezi ulikwisha siku ya Jumapili alasiri. Kijana wangu alimlisha wiki mbili, akalipa na deni lake la mkaa.

Wapo wanaosema kwamba bonasi ni haramu kwa sababu imetoka katika mifuko ya walioshindwa. Hoja hiyo siikubali yote, maana hata mama anayeuza chapati mbele ya duka la kubashiri hulipwa kwa fedha zilizopita humo, na hakuna anayemlaumu. Ninachokiona mimi ni kwamba mvunaji hawezi kuvuna kwa siri. Anaonekana akipata, na kuonekana kwake ni tangazo ambalo kampuni hailipii hata senti moja. Yule konstebo hakuvutwa na bango lililo barabarani. Alivutwa na jirani yake, mtu mpole asiyelewa, anayetoka dukani na fedha mkononi.

Kijana wangu hakukubaliana nami katika yote. Aliendelea kushikilia kwamba kanuni ya mtu mmoja zawadi moja ni ya kampuni, na kwamba kuivunja ni kama kuruka foleni, si kama kuiba. Pengine ana haki katika kulipima kosa. Hata hivyo aliniachia nakala, akarudi Jinja, akavuna kwa jina lake mwenyewe katika kampuni mbili. Ya tatu ilikuwa imekwisha kumtambua. Haikubali tena aweke zaidi ya shilingi 2,000 kwa mechi moja. Aliponieleza kwa simu alikuwa na uchungu, akiniuliza kama hiyo nayo ni haki. Nilimwambia ni haki kama ilivyokuwa haki kwake kuzichukua zile za kwanza: duka ni lao.

Kuhusu sanduku la kikundi, wanachama waliamua kila mtu achukue nakala yake, kwa kuwa benki ilikwisha kupata zake na sisi hatukuwa na haja nazo. Mume wangu alipendekeza kwamba siku nyingine tukitakiwa kutoa nakala, tuandike kwa kalamu juu ya nakala yenyewe, si pembeni, kwamba ni kwa ajili ya jambo fulani tu, na tarehe, ili isiweze kutumika kwa jambo jingine. Tumeanza kufanya hivyo. Wakala mmoja wa sokoni alikataa kuipokea nakala ya namna hiyo, akidai imechafuliwa. Wa pili aliipokea bila ya neno. Yule mjane wa koplo amekwisha kurudisha laki moja ya mkopo wake, na nakala yake ndiyo peke yake iliyobaki sandukuni, kwani hakuichukua siku ile. Ameniambia niikae nayo, maana nyumbani kwake panavuja.